Falsafa katika Kuwafunza Watoto Mazingira

Falsafa katika kuwafunza watoto mazingira ni mafundisho ambayo, badala ya kumkaririsha mtoto majina ya miti na wanyama tu, humtaka ahojiane na wenziwe juu ya haki za viumbe, wajibu wa binadamu kwa ardhi, na tofauti iliyopo baina ya jambo la haki na jambo la faida.

Asili

Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake Émile (1762), alitaka mtoto afunzwe na maumbile kabla ya vitabu. Naye mwanafalsafa John Dewey alifungua shule ya majaribio Chicago mwaka 1896, ili watoto wajifunze kwa kutenda.

Matthew Lipman

Aliyewafikishia watoto falsafa yenyewe ni Mmarekani Matthew Lipman (1923–2010), ambaye, akisomesha Chuo Kikuu cha Columbia na kuona jinsi wanafunzi wake watu wazima walivyo dhaifu katika mantiki, aliazimia kuanza kuifunza mantiki hiyo udogoni. Na mwaka 1974, pamoja na Ann Margaret Sharp, akaasisi taasisi ya falsafa kwa watoto huko Montclair, New Jersey. Katika njia yake, watoto huketi kwa duara, wakasoma hadithi kwa zamu, wakatoa maswali ambayo mwalimu huyaandika ubaoni pamoja na majina ya walioyauliza, kisha wakajadiliana pasipo mwalimu kuwapa jawabu. Hadithi yake Kio and Gus (1982) yahusu viumbe na ulimwengu. Na kwa kuwa Gus ni binti asiyeona, msomaji mdogo hulazimika kutafakari namna kila mmoja wetu anavyoujua ulimwengu huo. Njia hii ni adili na yenye kumheshimu mtoto, ingawa yadai mwalimu msikivu na darasa lisilofurika, mambo ambayo si kila shule imejaliwa.

Shamba la shule nchini Tanzania

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Septemba 1961 huko Arusha alitangaza kuwa wanyama pori ni amana ambayo nchi haina budi kuihifadhi kwa ajili ya wajukuu, alitoa Machi 1967 andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe pia na shamba, ili wanafunzi wajifunze matumizi ya mbolea na hifadhi ya udongo kwa kuona matokeo yake, nao washiriki katika kuamua kazi na matumizi ya mapato. Ushiriki huo wa kuamua ndio uliokuwa roho ya falsafa yake, na ndio uliopuuzwa. Kwani katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu ama njia ya kuchuma fedha, na mtoto akalima pasipo kuulizwa rai yake. Hasara hiyo ni kubwa, maana mwenye kulima kwa kuadhibiwa hujifunza kuichukia ardhi.

Hali ya sasa

Mkutano wa Tbilisi wa mwaka 1977, ulioandaliwa na UNESCO na UNEP, uliyaingiza maadili katika makusudio ya elimu ya mazingira. Hata hivyo, shuleni elimu hiyo aghalabu hufundishwa ndani ya sayansi na jiografia, si kama mjadala wa maadili.