Mdomo wa Kifaranga: Tarehe ya Samaki wa Mapambo wa Baharini

Mwaka 1970 Wolfgang Klausewitz, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Senckenberg mjini Frankfurt, alimwandika samaki mmoja mdogo wa pwani yetu ya Afrika Mashariki na kumpa jina la Amphiprion allardi. Mwili wake ni wa hudhurungi, una mistari miwili myeupe, na anakaa ndani ya minyiri ya anemone inayowachoma samaki wengine. Allard aliyeenziwa kwa jina hilo, Jack Allard, alikuwa mkusanyaji wa samaki nchini Kenya. Biashara ya samaki wa mapambo ilikuwa bado changa, lakini jina la mtu wake lilikwisha kuingia katika vitabu vya sayansi.

Biashara hiyo isingewezekana bila vitu viwili vya kawaida sana. Cha kwanza ni mfuko wa plastiki: maji kidogo, samaki mmoja, oksijeni ya kutosha, kisha ndege. Cha pili ni chumvi ya kuchanganya, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1964, ambayo ilimwezesha mtu wa Ohio, asiye na bahari hata ya kuota, kutengeneza maji ya bahari jikoni kwake. Samaki walitoka Sri Lanka, Ufilipino, Indonesia, Hawaii na Kenya. Nchini Ufilipino, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wavuvi walianza kuwapulizia samaki sianidi kwa chupa ili walegee na kuokotwa kwa urahisi. Wavuvi wa kwetu wanaoijua utupa, ile sumu ya mmea, hawahitaji kuelezwa mengi hapo, isipokuwa kwamba sianidi huua na tumbawe lenyewe, na samaki aliyenusurika mwambani mara nyingi alikuja kufa baada ya kuuzwa.

Kuvua basi hakukuwa fumbo. Fumbo lilikuwa kulea. Samaki waliokaa vizuri kwenye tangi walitaga, mayai yakaanguliwa, na baada ya siku chache vifaranga wote walikuwa wamekufa. Chanzo kilikuwa njaa. Kifaranga wa samaki wa baharini huzaliwa na akiba ndogo ya kiini cha yai. Ikiisha, lazima akute mbele yake chakula kilicho hai, kinachocheza, na kinachoenea mdomoni. Chakula cha unga hakioni kama chakula.

Jibu la kwanza lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwafikiria samaki wa mapambo. Katika mabwawa ya mikunga huko Japani kulikuwa na kero: maji ya kijani yaliweza kugeuka ghafla yakawa meupe, na mikunga wakadhoofika. Mkosaji alikuwa rotifa, kijidudu cha majini kisichofika nusu milimita, aliyekula mwani wote mdogo uliokuwa ukiyatia maji rangi na uhai. Mwaka 1960 mtafiti Takashi Ito alipendekeza vifaranga wa samaki walishwe mdudu huyohuyo. Kabla ya miaka kumi kwisha, Wajapani walikuwa wanawalea changu wao wekundu kwa rotifa. Kwangu mimi hiki ndicho kituo kikubwa kuliko vyote katika tarehe hii, na kilipitiwa bila mtu wa matangi hata mmoja kuwepo.

Martin Moe, mwanabiolojia wa Florida, aliichukua njia hiyo. Mnamo 1972 na 1973 aliwazalisha samaki wa anemone kwa wingi wa kuuzwa, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha mwongozo kilichosomwa na wafugaji wa kizazi kizima. Alichagua samaki sahihi. Samaki wa anemone hubandika mayai yake juu ya jiwe, na dume huyapepea kwa mapezi na kuyatoa yaliyooza. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, saa za mwanzo za giza, yanaanguliwa yote kwa pamoja. Kifaranga anatoka akiwa na macho yanayoona na mdomo unaoweza kummeza rotifa. Akishiba, siku ya kumi hivi mistari myeupe inaanza kuonekana. (Wote huanza wakiwa madume, mkubwa wa kundi ndiye anayegeuka jike, jambo linalomrahisishia mfugaji kazi ya kutafuta jozi.) Filamu ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003 na kila mtoto akamtaka samaki huyo, vituo vya kutotolesha vilikuwa tayari.

Lakini kitatange na kangaja hawakukubali. Hao hawabandiki mayai, wanayamwaga majini yaelee na mkondo. Yai halifiki milimita moja. Kinachoanguliwa baada ya siku moja hivi ni uzi usio na mdomo wala macho ya kuonea. Mdomo unapofunguka, siku ya tatu au karibu na hapo, rotifa ni mkubwa mno. Wanachokula baharini ni watoto wa kopepodi, vijidudu vingine vya majini, ambao wengine hawafiki sehemu ya kumi ya milimita. Na kopepodi si rotifa: wanataka mwani ulio hai, na hawapendi kusongamana. Frank Baensch alifaulu kwa njia hiyo kuwalea vitatange wadogo huko Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kangaja wa manjano, samaki aliyebeba sehemu kubwa ya biashara ya pwani ya Kona huko Hawaii, alisubiri mpaka mwaka 2015, pale Oceanic Institute ya Hawaii ilipowafikisha vifaranga umri wa kutua mwambani, baada ya kuwalea karibu miezi miwili. Mwaka uliofuata maabara ya Chuo Kikuu cha Florida ilimlea kangaja wa buluu. Waliosalimika walikuwa 27.

Mpaka hapo mtu angedhani mdomo wa kifaranga unaeleza kila kitu. Samaki wa Banggai anakataa. Anapatikana katika visiwa vichache vya Indonesia. Aliandikwa mwaka 1933, akasahauliwa, akarudi kujulikana miaka ya 1990. Dume hubeba mayai mdomoni, kisha vifaranga pia, mpaka wakamilike, na siku wanapotoka wanaweza kula artemia, vijikamba vidogo sana, mara moja. Ni wachache samaki wa baharini walio rahisi kuliko huyo kuwalea. Hata hivyo alivuliwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka, mpaka mwaka 2007 akaorodheshwa kuwa yumo hatarini kutoweka. Kumvua kulikuwa rahisi mno kwa bei, basi nani angehangaika kumlea? Hawaii ilikuwa kinyume chake: Mahakama ya Juu ya jimbo iliposimamisha mwaka 2017 vibali vya kuvua samaki wa mapambo kwa biashara, kangaja wa kulelewa, aliyekuwa ghali kupita kiasi, akaanza kuwa na mnunuzi.

Baadaye samaki wa Banggai alifugwa kwa wingi Thailand. Mvuvi wa Banggai hakupata kitu humo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ufugaji ni heri tupu. Samaki wengi wa mapambo wanaotoka Kenya bado huvuliwa mwambani na wapiga mbizi wanaolipwa kwa kila samaki, na allardi, ndugu wa samaki wa Moe, anaweza kulelewa popote penye rotifa. Akilelewa Florida, mpiga mbizi wa Shimoni, pwani ya Kenya, atapoteza mnunuzi na hatapewa hisa. Akilelewa Shimoni, kinachotakiwa ni samaki wazazi wachache, mwani hai, rotifa, mtu mvumilivu wa kuwahesabu kila asubuhi, na umeme usiokatika.