Sehemu ya 4: Picha ya nyuklia, mama na binti yake, na jengo la Ocean Road



Wiki iliyopita mama mmoja alinivuta pembeni. Kakutwa na saratani ya titi, na daktari kamwandikia aende Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwe picha ya mifupa. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, nasikia hiyo ni nyuklia, ile ya mabomu. Nikirudi nitampakata mwanangu?"

Sikumjibu mbio. Nilimhadithia, na leo nakuhadithia na wewe.

Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ufukweni Dar es Salaam, kwa ajili ya Wazungu. Mwaka huo huo, Paris, Marie Curie alijifungua binti yake wa kwanza, Irène. Mwaka uliofuata, akiwa na mtoto mchanga nyumbani, Marie na mumewe waligundua vitu viwili vinavyotoa mionzi vyenyewe: poloni na radi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Marie aliweka mashine za eksirei kwenye magari akawafuata majeruhi. Irène, msichana wa miaka 17, akaenda kumsaidia. Mwaka 1934 Irène na mumewe wakaonesha kwamba mtu anaweza kukitengeneza kitu chenye mionzi, si kusubiri kukichimba ardhini. Hapo ndipo mlango wa dawa hizi ulipofunguka.

Sikufichi: wote wawili, mama na binti, walikufa kwa maradhi ya damu. Zama zao watu hawakujua kujikinga. Woga wako una asili yake. Lakini kipimo cha leo kimejengwa juu ya funzo hilo.

Mwaka 1937, Italia, ikapatikana teknishiamu. Ile inayotumika hospitali nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hal Anger, Mmarekani, akaunda kamera inayoiona ikiwa ndani ya mwili.

Sasa inavyofanya kazi. Eksirei inakuonesha kuta za nyumba. Picha hii inakuonesha jiko gani linawaka. Unachomwa sindano ya mshipa, dawa kidogo sana inakwenda kwenye mifupa. Unasubiri kama saa 3, unakunywa maji, unakojoa. Halafu unalala chini ya kamera. Pale mfupa unapohangaika dawa hujikusanya, panang'aa. Si kila panapong'aa ni saratani. Jeraha la zamani au baridi yabisi nayo hung'aa. Ndiyo maana daktari huunganisha na vipimo vingine. Akijua kama ugonjwa umefika kwenye mifupa au bado, ndipo anapanga tiba inayokufaa.

Na lile jengo la Wazungu? Kwa sheria ya mwaka 1996 likawa taasisi kamili ya saratani. Leo anaingia mama wa Wete, wa Micheweni, wa Kigoma.

Mambo matatu uyashike:

1. Ukihisi una mimba, sema kabla ya sindano. Usione haya.
2. Kama unanyonyesha, sema pia. Watakuelekeza kama kuna haja ya kukamua na muda gani.
3. Usikose siku yako. Dawa hii haikai kabatini, inapungua kila saa. Boti ikikuacha, dawa yako imepotea.

Kuhusu kumpakata mtoto: kwa siku ya kwanza fuata watakavyokwambia. Baada ya saa 24 inayobaki mwilini haifiki sehemu moja ya kumi na sita, maana na mkojo nao umeshaitoa. 

Yule mama alinyamaza kidogo, akasema: "Basi n'tampakata." Jumamosi anapanda boti Mkoani. Tumuombee dua.

Na wewe ukigusa uvimbe kwenye titi, usisubiri uume. Njoo. Sehemu ya 5 inshallah tutazungumza kujichunguza matiti nyumbani.