Umetoka kumwaga oili ya pikipiki? Chupa ya lita moja si kipimo

Fundi amekaza bolti, amemimina chupa nzima, amefuta mikono na tambara, amekwambia "tayari bosi". Unalipa, unawasha, unarudi kijiweni. Lakini kuna kitu kimerukwa: hakuna aliyeangalia oili imefika wapi ndani ya injini.

Ikipungua sana, injini inaweza kufa. Ikizidi, nayo inaleta hasara. Na kwa boda aliye kwenye mkataba, hesabu ya tajiri haisubiri injini ipone. Kupima kunachukua kama dakika kumi tu, na unaweza kufanya mwenyewe.

Kwa nini chupa inadanganya

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinatumia karibu lita moja ya oili. Neno la kuangalia hapo ni "karibu". Kuna modeli inayotaka pungufu ya lita, na kuna inayotaka zaidi. Kiasi sahihi kipo kwenye kitabu cha pikipiki yako, na baadhi ya modeli zimeandikwa kwenye injini yenyewe.

Hata ukikijua kiasi hicho, bado kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kama oili ya zamani ilimwagwa injini ikiwa ya baridi, au pikipiki ikiwa imeinama, kuna mabaki yanayobaki ndani. Ukimimina kiasi kamili juu yake, itazidi. Pili, kama pikipiki yako ina filta ya oili na imewekwa mpya, filta hiyo itakunywa oili mara injini ikiwaka. Kipimo ulichokiona kabla ya kuwasha kitashuka.

Ndiyo maana unapima mara mbili: kabla ya kuwasha, kuhakikisha oili ipo, na baada ya kuwasha, kupata usawa wa kweli.

Jinsi ya kupima

1. Simamisha pikipiki wima sehemu tambarare, kwa stendi kubwa. Stendi ya pembeni inailaza na kipimo kinadanganya. Kama haina stendi kubwa, mwombe mtu akushikie.

2. Washa injini, iache ingurume dakika tatu hivi. Usipige resi.

3. Zima, subiri dakika mbili au tatu ili oili iliyopanda juu ishuke.

4. Fungua kijiti cha kupimia oili, kile mafundi wanachokiita dipstiki. Kifute kwa kitambaa safi.

5. Kirudishe hadi kikae kwenye tundu, kisha kitoe usome. Kwa pikipiki nyingi ndogo hutakiwi kukikaza unapopima, unakiweka tu juu ya nyuzi. Ukikikaza kitazama zaidi na kukuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Hakikisha kwenye kitabu, maana modeli hazifanani.

Alama ya chini ni kiwango cha mwisho cha kupungua, ya juu ni mwisho wa kujaza. Oili ikae katikati ya alama hizo, na ikiwa karibu na ya juu ni sawa kabisa.

Kama pikipiki yako ina kidirisha cha kioo ubavuni mwa injini badala ya kijiti, fuata hatua zilezile, kisha chungulia. Oili ionekane kati ya mistari miwili.

Ikiwa pungufu

Usiendelee na safari. Injini nyingi za pikipiki hizi zinapozwa kwa hewa na kwa oili hiyohiyo inayolainisha vyuma. Ikipungua sana, pampu inavuta hewa, joto linapanda, na pistoni inaweza kukwama ndani ya silinda.

Ongeza kidogo kidogo, kama mililita 50 kwa mara moja. Subiri ishuke, pima tena. Ni rahisi kuongeza kuliko kutoa.

Tumia oili ya aina ileile iliyowekwa, na iwe ya pikipiki. Pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea kwenye oili ya injini, na giaboksi inatumia hiyohiyo. Baadhi ya oili za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano, na vinaweza kufanya klachi iteleze. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO MA au MA2.

Ikiwa imezidi

Wengi hudhani oili ikizidi ni faida. Sivyo. Kranki inapozunguka inaipiga oili hadi inatoa povu, na povu halilainishi vyuma vizuri. Presha nayo inapanda ndani ya injini: oili inaweza kusukumwa hadi kwenye filta ya hewa, au kuanza kuvuja kwenye sili. Pikipiki inakuwa nzito na inaweza kutoa moshi wa bluu.

Njia safi ya kuitoa ni bomba la sindano lenye kimpira chembamba. Kiingize kwenye tundu la kijiti, vuta kidogo, pima. Oili mpya uliyoitoa iweke kwenye chupa safi, itakufaa siku ya kuongeza.

Njia nyingine ni kulegeza bolti ya chini taratibu, oili idondoke kwenye chombo, kisha ukaze. Subiri injini ipoe kwanza, oili ya moto inaunguza. Na usikaze kwa nguvu zote: nyuzi za alumini zikikatika, tatizo la mililita 100 linageuka kazi ya karakana.

Kesho yake asubuhi

Usiku, tandika kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi kikiwa na tone, angalia bolti ya kumwagia na washa yake kabla ya kuingia barabarani. Pima tena injini ikiwa imetulia, halafu fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki. Ukiendesha siku nzima, pima mara nyingi zaidi.

Kuna dalili mbili ambazo hazitibiwi kwa kuongeza wala kupunguza. Oili ikipanda yenyewe na kunuka petroli, huenda kabureta inavujisha mafuta hadi ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo linaloweza kutokea ukipita kwenye mafuriko. Kwa zote mbili usiwashe. Isukume hadi kwa fundi, chanzo kirekebishwe na oili yote imwagwe.

Siku nyingine ukienda kumwaga oili, mwambie fundi kabla hajaanza: "Ukimaliza tutapima pamoja." Fundi mzuri hatakasirika. Usilipe na kuondoka mpaka umekiona kijiti kwa macho yako.