Gondar: Kasri au Boma?

Wanafunzi wetu wengi hutafsiri Fasil Ghebbi, makao ya kale ya wafalme wa Ethiopia, kuwa "Kasri la Fasil". Je, tafsiri hiyo inatosha? Historia na itujibu.

Mfalme Fasilides aliufanya Gondar kuwa mji mkuu mnamo mwaka 1636, akajenga humo kasri la mawe. Waliomfuata waliongeza yao kando yake: Yohannes I maktaba, Iyasu I kasri jingine, na Malkia Mentewab lake katika karne ya 18. Yote yalizungukwa na ukuta wa mita 900.

Kisha yakaja maafa. Mwaka 1888 majeshi ya Wamahdi kutoka Sudan yaliuteka mji na kuuchoma. Mwaka 1941 mabomu ya Waingereza, yaliyowalenga Waitaliano, yaliharibu baadhi ya majengo. UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1979.

Kwa hiyo, "kasri" hutaja jengo moja tu, ilhali neno la Kiamhari hutaja eneo zima lililozungushiwa ua. Kiswahili kina neno lake: boma. Mwalimu akilitumia, mwanafunzi atawaona wajenzi wote, si Fasilides peke yake.