Toi, Soko la
Soko la mitumba jijini Nairobi, magharibi mwa katikati ya jiji, ukingoni mwa Kibera karibu na Adams Arcade. Marobota hufunguliwa asubuhi. Nguo bora za mwanzo, ziitwazo kamera, hugombewa. Masalio huitwa fagia. Mnunuzi mzoefu hukagua kola, zipu na kwapa, kisha huipeleka nguo kwa fundi wa cherehani apunguze kiuno au akate mikono, na koti lililovaliwa Ulaya likamkaa kana kwamba lilishonwa kwa ajili yake. Kujipamba huku si ubishoo mtupu, ingawa ubishoo nao upo: kwa karani au kibarua, shati lililopigwa pasi ni heshima anayojipa mwenyewe kabla ya kupanda matatu. Ndugu wawili wa Nairobi, Velma Rossa na Oliver Asike, walijulikana kama 2ManySiblings kwa kuugeuza mtumba kuwa sanaa ya mavazi, wakaandaa pia hafla za Thrift Social. Machi 2020, kwa hofu ya korona, serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba. Ikaruhusu tena Agosti.