Kifafa na shambulio lake

Kuanzia mtaa wa Kongo huko Kawangware hadi vichochoro vya Kibera, Nairobi, ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla, akatetemeka na kutokwa povu, huitwa kifafa. Madaktari nao wamelikubali neno hilo kuwa ndilo epilepsia. Asili yake yaonekana ni kitenzi kufa kilichokaririwa, na kweli aliyeanguka hufanana na anayekata roho. Neno ni letu, libaki. Taabu ni kwamba tunalitumia kwa mambo yanayotofautiana, na mtafiti anayepiga hodi nyumba kwa nyumba hutegemea neno hilohilo.

Tuseme mama anaulizwa kama mwanawe ana kifafa. Anajibu hapana, alikuwa na degedege tu. Degedege ni mishtuko ya mtoto mdogo mwenye homa, mara nyingi ya malaria. Jina hilo linahusishwa na ndege, na Wagiriama nao huiita nyuni, yaani ndege. Mama hakukosea: mishtuko ya homa si epilepsia. Lakini ikiwa ilidumu au ilijirudia mfululizo, huenda ikafuatwa na kifafa miaka ya baadaye, kwa hiyo jibu lake halipaswi kufunga mazungumzo. Kuna pia kifafa cha mimba, ambacho hutokana na ujauzito wenye shinikizo la juu la damu na hutibiwa kwa magnesiamu salfeti. Hicho ni ugonjwa mwingine kabisa uliovishwa jina la jirani.

Epilepsia ni hali ya ubongo kuelekea kuvurugika tena na tena. Kwa kawaida hutambuliwa baada ya matukio mawili yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila kichocheo cha papo hapo kama homa au sukari kushuka mwilini. Tukio moja linahitaji jina lake. Wapo wanaoliita mtukutiko, neno linalofaa kwa anayetikisika. Lakini yupo mtoto anayekodoa macho kwa sekunde kadhaa darasani, kisha akaendelea kuandika. Naye umeme wa ubongo wake umevurugika, ila hakutukutika. Ndiyo maana nachagua neno shambulio.

Tofauti hii huonekana katika hesabu. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2008 ulihesabu kifafa cha kutukutika, ukapata, baada ya kurekebisha hesabu, watu 4.5 kwa kila 1,000. Uliofanywa baadaye Korogocho na Viwandani, Nairobi, ulitafuta aina zote, na hivyo ukawafikia hata wale ambao majirani hawajawahi kuwaona wakianguka.

Sababu nazo zimechunguzwa. Mwaka 2013 watafiti wa vituo vitano vya Afrika, vikiwemo Kilifi, Ifakara na Iganga, waliripoti matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea. Mate hayamo. Hata hivyo bado kuna watu wanaoogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani povu lake huambukiza, wakati anachohitaji ni kulazwa ubavu bila kutiwa kitu mdomoni.

Dawa ya fenobabito imetumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na wengi huacha kuanguka wakiimeza kila siku. Lakini asiyetambuliwa haipati. Kwa hiyo muuguzi asianze na “Una kifafa?” Aulize kama mtu amewahi kupoteza fahamu, kuuma ulimi, kujikojolea, au kuzubaa asisikie akiitwa, na ni mara ngapi.