Mahindi Yaliyosimama

Mahindi tulayo kila siku asili yake ni bara la Amerika, nako huko yana adui zake. Leo nataka kueleza habari za adui mmoja asiyeonekana kwa macho, na jinsi watu walivyopata kumshinda.

Mwaka 1897 mtaalamu wa maradhi ya mimea, F. C. Stewart, aliandika habari za ugonjwa wa mahindi matamu aliouona Long Island, katika jimbo la New York nchini Marekani. Mmea mchanga hunyauka kana kwamba umekosa maji. Majani hupata michirizi ya manjano ifuatayo mishipa, na bua likikatwa hutoka utelezi wa manjano. Utelezi huo ni jeshi la vijidudu viitwavyo bakteria. Hujaa katika mishipa ipandishayo maji, wakaiziba. Basi mmea hufa kwa kiu, ilhali mizizi yake imo katika udongo wenye maji.

Nani awachukuaye bakteria hao hata wakaingia shambani? Kwa miaka mingi mbegu ilishukiwa sana. Lakini katika miaka ya 1932 na 1933 ugonjwa ulienea mno, nao ulikuja baada ya majira ya baridi yasiyo makali. Mwaka 1934 Neil Stevens alionyesha kwamba jambo hili si la bahati: baridi ikiwa haba, ugonjwa huzidi, baridi ikiwa kali, ugonjwa hupungua. Mwaka uo huo Charlotte Elliott na F. W. Poos walieleza kwamba bakteria hukaa majira yote ya baridi ndani ya mwili wa mdudu mdogo mweusi, arukaye kama kiroboto, ambaye urefu wake hauzidi sana milimita 2. Ndipo fumbo lilipofumbuka. Baridi kali huwaua wadudu wengi. Baridi haba huwaacha hai, nao wakiamka hutafuna majani machanga na kuyatia ugonjwa kwa jeraha lile lile.

Sasa tutazame mahindi yenyewe, maana hayakukaa tu bila kujitetea. Mmea dhaifu huwaacha bakteria wasafiri katika mishipa yake, toka jani hata bua. Mmea hodari nao huumwa na mdudu, nao huingiwa na bakteria. Tofauti ni kwamba huwazuia karibu na jeraha, wasifike mbali. Jani hupata michirizi michache, lakini bua husimama na kuzaa. Umri nao una nguvu yake: mmea ulioambukizwa ungali mchanga huweza kufa, bali uliokwisha kukomaa mara nyingi huumia majani tu.

Mbegu iliyopendwa sana siku zile ni Golden Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1902, nayo ilidhoofishwa vibaya na ugonjwa huu. Lakini kutoka katika ukoo wa mbegu hiyo hiyo, Glenn Smith, aliyefanya kazi katika chuo cha Purdue, jimbo la Indiana, alitenga koo mbili akazichanganya. Ikazaliwa Golden Cross Bantam, nayo katika miaka ile ya msiba ilisimama pale mama yake alipoanguka. Wakulima wakaikimbilia.

Tuangalie neno hili. Wokovu wa shamba haukutoka katika dawa, bali ulikuwa umefichwa ndani ya mbegu iliyokuwa ikifa. Tena si kila bua lililosimama ni hodari. Pengine mdudu hakulifikia. Katika mwaka wa msiba mkubwa, wadudu wakiwa wamejaa shamba zima, ndipo uhodari wa kweli hujulikana. Kwa hiyo mkulima mwenye busara, akiona shamba lake limeharibika, asigeuke upesi kwenda nyumbani kulia. Kwanza apite mistari yote, aangalie ni mabua gani yaliyosimama, na ajiulize kwa nini.